Waumini wamechanga: tununue gari la wagonjwa, au tuanze na nini?

Swali: Assalaam aleikum daktari. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti mmoja huku Tandika. Mwezi uliopita, baada ya swala ya Ijumaa, mzee wetu mmoja aliinama kuvaa viatu, akaanguka ghafla. Alikuwa akikoroma, tukajua anapumua. Wengine wakammwagia maji, wengine wakampepea, mwisho tukampakia kwenye bajaji, foleni ikatushika. Hospitali wakatuambia ameshakata roho njiani. Sasa waumini wamechanga fedha ili yasijirudie. Kijana wetu anayeishi Uingereza anasema kule gari la wagonjwa linakuja na wahudumu wenye sindano za adrenalini, mpira wa kupumulia, mashine ya kukandamiza kifua, na kuna miji wanakuja hata na mashine inayofanya kazi badala ya moyo. Je, mzee angepata hayo angepona? Na sisi tununue nini kwanza?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu katibu. Poleni sana kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wenu. Umeniuliza mambo mawili, la msiba na la fedha, na la fedha nalijibu kwanza ili hata asiyesoma mpaka mwisho alipate: msianze na gari. Anzeni na mikono ya watu, kisha mashine ndogo ya kushtua moyo, ile inayopima yenyewe na kutoa maelekezo kwa sauti. Vingine vyote alivyovitaja kijana wenu vina kazi yake, lakini vinamfaa mgonjwa ambaye dakika zake za mwanzo hazikupotea.

Mtu mzima anaanguka bila kujikwaa, haitikii, kisha anakoroma kwa vipindi: hivyo ndivyo moyo unavyosimama. Koromo lile si kupumua. Ni ubongo unaohangaika baada ya damu kuacha kufika. Mdomo unafunguka, kidevu kinajivuta, inatoka sauti kama ya mtu aliyelala fofofo, halafu kimya cha sekunde kadhaa, kisha tena. Hudumu dakika chache tu. Wakati mwingine mwili unatikisika kidogo mwanzoni, watu wakasema ni kifafa. Dalili hizi huwachanganya hata wahudumu wa afya, kwa hiyo asitokee mtu akawanyooshea kidole waliokuwapo siku ile. Walifanya walichokijua. Kuanzia leo kanuni yenu iwe hii: ukimwita na kumtikisa mabega haitikii, na hapumui kama mtu anavyopumua siku zote, chukulia moyo umesimama, anza kukandamiza kifua. Kama alikuwa amezimia tu, atausukuma mkono wako au atalalamika, nawe utaacha, na mara nyingi hutakuwa umemdhuru.

Tusichanganye pia na shambulio la moyo. Hilo ni mshipa unaoulisha moyo kuziba. Mgonjwa anaweza kuwa macho, anatokwa jasho jembamba, amejishika kifua, anaongea na wewe. Shambulio likimzidia, moyo unaweza kusimama. Na moyo ukisimama, huwa uko katika hali mojawapo ya mbili. Ama unatetemeka ovyo bila kusukuma damu, ama umenyamaza au hauna nguvu kabisa. Unaotetemeka unaweza kurudishwa na mshtuo wa umeme. Ulionyamaza haushtuliwi, tegemeo lake ni kukandamizwa kifua na kutafutwa kilichousimamisha. Ubaya ni kwamba unaotetemeka ukiachwa, nao hunyamaza. Kila dakika inayopita bila kukandamizwa wala kushtuliwa, uwezekano wa kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Piga hesabu mwenyewe kutoka msikitini kwenu hadi hospitali, Ijumaa saa saba na nusu mchana, watu wote wametoka kuswali.

Kwa hiyo kuhusu mzee: kama moyo wake ulikuwa unatetemeka, na kwa mtu mzima anayeanguka ghafla mbele za watu hilo hutokea mara nyingi, nafasi alikuwa nayo. Ila ilikuwa pale pale penye viatu, wala haikuwa barabarani. Wapenda mpira watamkumbuka Christian Eriksen, aliyeanguka uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021 Denmark ikicheza na Finland. Alikandamizwa kifua papo hapo kwenye nyasi, akashtuliwa mara moja, moyo ukarudi. Februari 2022 alikuwa akicheza tena ligi kuu ya Uingereza na Brentford, akiwa amewekewa kifuani kifaa kidogo kinachoulinda moyo. Hakupakiwa popote kabla moyo haujarudi.

Sasa nivipitie vifaa vya kijana wenu, maana hajakosea: vipo, na vinatumika. Ila vimepimwa, na matokeo yake yanafaa kujulikana na kila anayechanga fedha. Huko Ontario, Kanada, walichukua miji 17 iliyokuwa tayari na utaratibu wa kushtua moyo mapema, wakaongeza wahudumu waliofunzwa kuweka mpira kwenye njia ya hewa na kuchoma dawa za mshipani. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 5,600, na matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Kabla ya kuongeza, waliotoka hospitali wakiwa hai walikuwa asilimia 5.0. Baada ya kuongeza, asilimia 5.1. Katika takwimu hizo hizo, waliokuwa na nafasi kubwa ya kupona ni walioanguka mbele ya watu, waliokandamizwa kifua na raia, na walioshtuliwa mapema.

Adrenalini ndiyo dawa watu wanayoifikiria kwanza, na hata sisi tunaichoma: miligramu 1 kila baada ya dakika 3 hadi 5. Mwaka 2018 Waingereza walitoa matokeo ya utafiti mkubwa, wagonjwa wapatao 8,000, nusu wakichomwa adrenalini na nusu maji ya chumvi, bila muuguzaji kujua kipi ni kipi. Baada ya siku 30, waliokuwa hai upande wa adrenalini walikuwa asilimia 3.2, upande wa maji ya chumvi asilimia 2.4. Dawa inaokoa, basi, lakini kwa uchache. Na miongoni mwa waliotoka hospitali wakiwa hai, walioumia ubongo vibaya walikuwa asilimia 31 kwa waliopata dawa, na karibu 18 kwa wasioipata. Sababu inaeleweka ukijua kwamba kwa kawaida sindano ilifika kama dakika 21 baada ya simu kupigwa. Adrenalini hubana mishipa ya mwili, damu ikaelekea kwenye moyo, na moyo unaweza kuanza tena; ila ubongo uliokaa dakika 20 bila damu ya kutosha hauponywi na sindano. Anayeulinda ubongo katika muda huo ni yule aliyepiga magoti akikandamiza.

Mpira wa kupumulia sitaukalia sana: utafiti mwingine wa Uingereza wa mwaka 2018 uliulinganisha na kifaa chepesi kinachoingizwa mdomoni na kukaa juu ya njia ya hewa, na wagonjwa hawakutofautiana kwa namna walivyopona. Mashine ya kukandamiza kifua nayo haikuishinda mikono mizuri katika tafiti za 2014 na 2015. Faida yake naiona ndani ya gari linalokwenda, ambako mhudumu hawezi kusimama na kukandamiza bila kuhatarisha maisha yake.

Ile inayofanya kazi badala ya moyo huitwa ekmo. Mirija minene miwili inaingizwa kwenye mishipa mikubwa ya kinenani, damu inatolewa, inapewa oksijeni, inarudishwa. Madaktari wa Paris huiweka hata barabarani. Huko Minneapolis, Marekani, mwaka 2020, kwa wagonjwa ambao moyo uliendelea kutetemeka licha ya kushtuliwa mara kadhaa, 6 kati ya 14 waliowekewa walitoka hospitali wakiwa hai, dhidi ya 1 kati ya 15 waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Ni tofauti kubwa. Lakini Uholanzi walipoijaribu katika hospitali nyingi, matokeo ya 2023 hayakuonyesha ubora ulio wazi. Inahitaji timu inayofanya kazi hiyo tu, saa 24. Na kwa kawaida humchagua mgonjwa ambaye alianza kukandamizwa kifua mapema baada ya kuanguka.

Usisome haya ukadhani naidharau tiba ya wataalamu. Ndiyo kazi yangu, na nataka ifike Mbagala, Gongo la Mboto na Kigamboni kama inavyofika kwingine. Kuna wagonjwa ambao bila ujuzi huo hawarudi. Mgonjwa wa figo aliyekosa kusafishwa damu, potasiamu ikapanda mpaka moyo ukasimama, anahitaji kalsiamu mshipani. Aliyenasa hewa nje ya pafu baada ya ajali anahitaji sindano ya kuitoa. Aliyezama baharini kule ufukwe wa Coco, au mtoto aliyekabwa na pumu, moyo wake umesimama kwa kukosa oksijeni, na pumzi kwake ni sehemu ya lazima ya tiba. Hata kushtua kwenyewe kuna ujuzi wa juu: Kanada mwaka 2022 walionyesha kwamba moyo uliogoma baada ya mishtuo mitatu huwa na nafasi bora zaidi ukibadilishiwa upande wa kushtuliwa, au ukishtuliwa na mashine mbili kwa kufuatana. Na moyo ukirudi ndipo kazi yetu inapokuwa nzito: kulinda presha ya damu, kupima umeme wa moyo, kuzuia homa, na kama ni mshipa ulioziba, kumfikisha mgonjwa panapozibuliwa, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Idara ya tiba ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na tangu hapo Chuo Kikuu cha Muhimbili kinafundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Pengo letu kubwa liko kabla ya mlango wa hospitali, na kwenye pengo hilo ndipo fedha za waumini zinapoweza kufanya kazi.

Denmark walikuwa na pengo kama hilo. Mwaka 2001, raia walimkandamiza kifua mgonjwa mmoja tu kati ya watano walioanguka. Wakafundisha shuleni, wakaliweka somo hilo kwenye leseni ya udereva, wakasambaza mashine. Kufikia 2010 walikuwa wakiwakandamiza wagonjwa 45 katika kila 100, na waliokuwa hai baada ya siku 30 walipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Kule Las Vegas, walinzi wa kumbi za kamari walipewa mashine za kushtua na mafunzo mafupi. Walioshtuliwa ndani ya dakika 3 tangu waanguke, asilimia 74 waliishi. Walinzi, ndugu katibu. Vijana wanaokaa mlangoni, kama hao wanaowalindia viatu.

Basi anzeni na mafunzo. Ombeni idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu nanyi au Msalaba Mwekundu wawaletee mwalimu na sanamu za kujifunzia, na msikubali somo la kusikiliza tu. Kila mtu apige magoti akandamize mpaka jasho limtoke. Mgonjwa alazwe chali mahali pagumu. Zulia la msikitini halina tatizo, godoro ndilo tatizo. Kisigino cha kiganja kimoja kikae katikati ya kifua, nusu ya chini ya ule mfupa wa katikati, kiganja cha pili juu yake. Viwiko vimenyooka, mabega yako juu ya mikono yako, unasukuma kwa uzito wa kiwiliwili. Kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara ukiache kirudi juu chote, maana damu huingia moyoni kinapopanda. Utasikia mbavu ikilia. Inatisha, na wengi huacha hapo. Usiache: mbavu itaunga. Kila baada ya dakika mbili mwingine apokee, hata kama unajiona bado una nguvu, kwa sababu mikono huchoka kabla mwenyewe hujajijua. Mliofundishwa kupuliza, puliza mara 2 kila baada ya kukandamiza mara 30. Msiofundishwa, kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, kandamizeni mfululizo. Kwa mtoto na kwa aliyezama majini, pumzi ni za lazima, kwa hiyo wachache wenu wajifunze vizuri.

Upande wa wanawake nao wawe na watu wao waliofundishwa. Hili nalisisitiza, kwa sababu hata katika nchi zilizoendelea wanawake hukandamizwa kifua na wapita njia mara chache kuliko wanaume, watu wakiona haya. Ili kushtua ni lazima kifua kiwe wazi. Kina mama wanne wakishika khanga kuzunguka, stara inapatikana na kazi inaendelea. Kama hakuna mwanamke anayejua, mwanamume afanye. Shauri na imamu wenu aliseme hilo mbele ya watu mapema, ili siku ya siku pasiwe na kusitasita.

Mashine yenyewe hutumia betri, haihitaji umeme wa ukutani. Kabla ya kulipa, hakikisheni imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na muulizeni muuzaji mambo haya kwa maandishi: betri na vibandiko vyake vinaisha muda lini, vipya vinapatikana hapa Dar au mpaka viagizwe, na fundi wake ni nani. Kununua mashine ambayo vibandiko vyake havipatikani ni kutupa fedha. Sauti yake mara nyingi ni ya Kiingereza, kwa hiyo bandikeni maelekezo ya Kiswahili kwa herufi kubwa ndani ya kifuniko. Isifungiwe ofisini kwa kufuli, funguo kwa mtu aliyesafiri. Ikae ukutani karibu na mlango, mbali na jua, na mtu mmoja anayejulikana aitazame taa yake kila wiki.

Ikitumika, mkandamizaji asiache kukandamiza wakati mwingine anaifungua. Chaneni kanzu. Kama ametoka kutia udhu au kifua kimeloa jasho, futeni kikauke, la sivyo kibandiko hakishiki na umeme unatambaa juu ya ngozi. Kibandiko kimoja chini ya mtulinga wa kulia, kingine ubavuni kushoto chini ya kwapa. Picha zimechorwa juu yake. Hirizi au mkufu uliopo hapo usogezwe. Mashine ikisema inapima, mikono yote juu. Haitamshtua mtu ambaye moyo wake hauhitaji, hivyo msiiogope. Ikishashtua, rudini kukandamiza hapo hapo bila kutafuta mapigo, mpaka iwaambie tena baada ya dakika mbili.

Nikirudi kwenye bajaji: hamkuwa na njia nyingine mliyoijua, lakini mtu aliyesimama moyo akiwekwa kwenye bajaji anakaa amekunjika, kichwa kimelala begani mwa anayemshika, na hakuna awezaye kumkandamiza. Mkikosa mashine ya kushtua, mmoja aanze kazi sakafuni, mwingine atafute Noah au Hiace yenye viti vinavyokunjwa, mgonjwa alale chali kwenye sakafu ya gari na kukandamiza kuendelee. Mkiwa na mashine, msiwe na haraka ya kumpakia. Itumieni mahali alipoanguka, wakati wa tatu anazipigia simu hospitali na wenye magari. Andikeni ukutani namba ya mapokezi ya dharura ya hospitali ya karibu nanyi, pamoja na 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya polisi. Anayepiga aseme "moyo umesimama, tunakandamiza kifua, tunakuja," ili timu iwe mlangoni. PF3, ile fomu ya polisi, haihusiki hapa. Ni ya majeraha na ajali, asiwacheleweshe mtu kwa hilo.

Mkifanya hayo na fedha zikabaki, gari lifuate. Ila gari la wagonjwa lenye ving'ora na kitanda peke yake ni teksi ya kulala. Kabla ya kulinunua, kaeni na uongozi wa hospitali mwulizane: nani atakaa nyuma na mgonjwa usiku wa manane, analipwa na nani, oksijeni inajazwa wapi, mashine ya kushtua itakuwemo au itakuwa ya kuazima kutoka msikitini. Wakikosa majibu, ziongezeni fedha hizo kwenye mafunzo: madereva wa bajaji na bodaboda wa kijiwe chenu, wauza maduka wa soko la Tandika, na walimu wa madrasa. Wao wapo mtaani saa zote, na ndio watakaomfikia wa kwanza mtu akianguka.